Kuhara damu kando ya ziwa: karatasi ya maabara inasema nini?

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Wiki ya 5 sasa naharisha damu, dawa ya amiba nimemeza mara mbili. Daktari anahisi kolaitisi ya vidonda, kaagiza picha kamili ya damu, yaani kuhesabu chembe zake. Damu ya mkononi itajuaje ya tumboni?

Yote haiyajui. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana. Si wa kuambukizwa. Utumbo ukiwaka, damu nayo hubadilika. Nyutrofili, chembe nyeupe zinazotangulia vitani, huongezeka, na limfosaiti mara nyingi hupungua. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinaweza kupita 450, kikomo cha juu kwenye karatasi nyingi. Himoglobini, ile ya kubeba oksijeni kwenye damu, hushuka, maana damu inaishia chooni.

Nyutrofili zangu ni 6.0, limfosaiti 1.5. Ni mbaya?

Gawanya nyutrofili kwa limfosaiti: unapata 4. Uwiano huo ukizidi kupanda, mara nyingi utumbo nao umewaka zaidi. Ila usiuchukulie kama hukumu. Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga inayotumika kwa ugonjwa huu, peke yake hupandisha nyutrofili. Tena Waafrika wengi wana nyutrofili chache kwa asili, wakiwa wazima kabisa, kwa hiyo mimi sipendi kuona kikomo cha Ulaya kikibandikwa kwa mgonjwa wa Igombe bila kufikiri. Malaria nayo hushusha chembe sahani, na safura hunyonya himoglobini.

Basi ukali unapimwaje?

Kwa kuchanganya. Kipimo cha Truelove na Witts, cha Uingereza mwaka 1955, bado kinatumika: choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na angalau kimoja kati ya hivi: joto zaidi ya 37.8, mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika, himoglobini chini ya 10.5, au ESR (kasi ya damu kutuama) zaidi ya 30. Ukifika hapo usisubiri kesho. Hiyo ni ya kulazwa.

Mbona wamerudia kupima choo?

Wamefanya vizuri. Huku ziwani kichocho cha tumbo nacho huleta damu chooni, na mara nyingi hupandisha eosinofili, chembe nyeupe nyingine iliyomo kwenye karatasi hiyo hiyo. Amiba ndiyo ya kuogopa zaidi: mwenye amiba akipewa prednisoloni kwa kudhaniwa ana kolaitisi, utumbo unaweza kutoboka. Ikishaonekana si kichocho wala amiba, hufuata kamera ya utumbo mpana na kunyofoa kinyama cha kupimwa. Pengine utapewa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando.

Karatasi za zamani nizitupe?

Hata kidogo, wala usizifungie dagaa! Himoglobini ya 11 haishtui mtu, mpaka daktari aone kwamba mwezi uliopita ilikuwa 13.