Kafyu ya saa moja jioni ilivyokula mtaji wa mama mboga

Sukuma wiki ya Nairobi hununuliwa soko la Marikiti kabla ya kupambazuka, na huuzwa jioni watu wanaposhuka matatu. Kafyu ya korona iliyoanza Kenya tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ilikata ncha zote mbili. Mama mboga alichelewa sokoni, kisha akafunga kibanda wateja wakiwa bado njiani. Nayo matatu ya viti 14 iliruhusiwa abiria 8 tu, nauli ikapanda.

Tupige hesabu ya mfano. Mtaji shilingi 2,000, mauzo 2,800, nauli 200, chakula cha nyumbani 400: kesho anaamka na 2,200. Sasa thuluthi ya mboga inyauke na nauli iwe 300. Atauza kama 1,850, abaki na 1,150. Kesho yake hata akiuza zote kwa faida ileile, anabaki na 910, halafu 574, halafu kama 100. Nauli na unga havijali mtaji umebaki kiasi gani. Na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo hiyo 400 ya chakula nimeikadiria kwa huruma.

Siku ya nne anakimbilia chama, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Fedha ziko kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mikutano imepigwa marufuku. M-Pesa ilisaidia, maana Machi hiyo ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 iliondolewa, ingawa ya kutoa ilibaki. Lakini kumkopesha kwa riba ya kawaida mtu ambaye mtaji umeshaliwa ni kumwongezea shimo: mkopo nao utaliwa. Riba isimamishwe siku agizo la kafyu linapotangazwa. Mfuko wa jamii, akiba ya chama ya kusaidiana wakati wa shida, umrudishie mtaji wa siku moja, bure, mara moja. Washika funguo na mweka hazina wakutane peke yao. Wengine watume kwa simu na wapate ujumbe wa salio siku hiyohiyo.

Chama kikifungwa, anayepigwa nyumbani hukosa pia mahali pa kusema. Kubalianeni mapema neno la siri, mathalani kuulizia "deni la nyanya", ili mwenzake apige 1195, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, kwa niaba yake. Simu hiyo ni bure. Akipiga mwenyewe, aifute namba kwenye orodha kabla hajaiweka simu mezani.