Ukiambiwa shuka, shuka: kwa wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro Desemba 9

Msimu huu simu za kitengo chetu hazipumziki. Makundi ya kazini, ya kwaya, ya waliosoma pamoja, yote yanachangishana ili Desemba 9 iwakute Kilele cha Uhuru, pale Luteni Alexander Nyirenda aliposimika bendera na mwenge mwaka 1961. Ni jambo jema, na sisi tunaoshughulika na afya na uokoaji mlimani tunafurahi kuona Watanzania wakiupanda mlima wao badala ya kuuona kwenye kalenda. Ila pamoja na simu hizo zinakuja barua za malalamiko za msimu uliopita, na nyingi zimeandikwa kama vile zimenakiliwa: nililipa, nilijiandaa, nikashushwa nikiwa mzima, nilikuwa naumwa kichwa tu.

Tuanze na hicho "kichwa tu".

Hewa ya kileleni ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya Kariakoo. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Mita 5,895 juu ya usawa wa bahari mgandamizo huo ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili hujirekebisha, lakini unadai siku. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Sasa itazame njia ya Marangu: lango lipo takriban mita 1,860, kambi ya Mandara 2,720, ya Horombo 3,720, ya Kibo takriban 4,700. Karibu mita elfu moja kila siku, halafu saa sita usiku unaamshwa upande karibu 1,200 nyingine. Ndiyo maana tunasisitiza usiku wa pili Horombo. Mchana unapanda kidogo hadi kwenye miamba yenye mistari kama pundamilia, unarudi kulala palepale. Na siku hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa kundi likibana bajeti. Ukimuuliza mratibu anakujibu kwamba vijana wake wote wanakimbia marathoni.

Kukimbia marathoni hakuhusiani. Nalirudia hili kila mwaka na sasa naliandika. Mapafu na miguu ya mazoezi inakusaidia usichoke, haikukingi na ugonjwa wa mwinuko. Tena kijana mwenye mazoezi ndiye tunayempokea mara nyingi, kwa sababu anaweza kwenda haraka na anakwenda haraka. Kuzaliwa Kibosho au Rombo, chini ya mlima huu, nako hakumkingi mtu ambaye miaka kumi iliyopita ameishi Sinza, Dar es Salaam.

Kichwa kikiuma ukiwa juu ya mita 2,500, na pamoja nacho kuna kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au chakula hakipiti, huo ni ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vinginevyo. Ugonjwa ukiwa mwepesi, unabaki ulipo, unapumzika, unameza paracetamol, na kichwa kikitulia unaendelea kesho. Hapa wengi hujichanganya. Dawa ya maumivu unameza uone kama hali inatulia, humezi ili upate nguvu ya kupanda. Wapo wanaobugia diklofenaki asubuhi na jioni bila kumwambia kiongozi wao, wakifika Kibo hakuna anayejua kichwa kimeuma tangu lini.

Nitoe mfano mmoja, bila jina wala mwaka. Saa nne usiku Kibo, mpanda mlima wa miaka thelathini na kitu amekaa kitandani anavaa viatu. Mwongozaji wake alikuja kuniita kwa sababu moja tu: kamba ya kiatu cha kushoto alikuwa ameifunga na kuifungua mara nne. Nilipoingia, glavu ya kulia ilikuwa mkono wa kushoto. Nikamsalimia, akanijibu vizuri tu, akataja jina lake na kampuni anayofanyia kazi. Nikachora mstari vumbini nje ya mlango, nikamwomba atembee juu yake, kisigino mbele ya vidole, hatua kumi. Ya tatu akaniangukia begani. Akakasirika, akasema nimechora mstari uliopinda.

Huo ni ubongo kuvimba. Anayeyumba kama mlevi, anayebishana na mambo yaliyo wazi, anayelala na kuamka kwa shida, hana muda wa kusubiri alfajiri. Hali nyingine inayoua ni maji kujaa kwenye mapafu: mtu anahema akiwa amekaa, anakohoa, midomo inabadilika rangi, na mwishoni anatoa makohozi ya povu lenye damu. Kwa zote mbili tiba ni kushuka, saa ileile, hata kama ni usiku na kuna theluji. Oksijeni ya mtungi na dawa za deksamethasoni na nifedipini ni vya kusaidia mgonjwa afike chini salama. Si kibali cha kuendelea. Yule kijana tulimshusha hadi Horombo. Alfajiri aliomba chai na mkate, akauliza nani kamleta. Mwezi mmoja baadaye aliandika barua ya malalamiko.

Niseme kuhusu utaratibu wa kushushwa, maana ndipo maneno yanapoanzia. Kuingia Hifadhi ya Taifa bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura 282, na Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji mwenye leseni. Unaandikishwa langoni, kisha unasaini kitabu katika kila kambi unayofika. Kitabu hicho si cha kumbukumbu ya watalii. Jina likikosekana kambi inayofuata, ndipo tunajua pa kuanzia kutafuta. Mtu akiugua, mwongozaji mkuu ndiye anayetoa taarifa kituoni: saa, mahali, dalili zilianza lini, amemeza nini. Mwongozaji msaidizi anashuka na mgonjwa ili kundi lisikwame. Asiyeweza kutembea anawekwa kwenye machela ya gurudumu moja, anafungwa mikanda, na vijana wanaishikilia huku na huku hadi pale gari linapoweza kufika. Uamuzi wa kushusha haupigiwi kura na kundi, wala mgonjwa mwenyewe haulizwi mara ya pili ikiwa akili yake ndiyo inayougua. Mwongozaji anayempandisha mgonjwa kwa kuogopa kukosa bakshishi anaweza kupoteza leseni, na kampuni iliyomtuma itaulizwa. Kwa hiyo msimbembeleze "ajifanye hajaona". Mnamwomba auweke mkate wa watoto wake rehani kwa ajili ya picha.

Na helikopta si bodaboda. Haitui popote utakapo, ukungu ukishuka hairuki, na kuna mtu lazima ailipie. Soma bima yako inasema nini kuhusu uokoaji kabla hujatoka nyumbani.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, orodha mmepewa. Desemba mvua za vuli bado zinaweza kuwepo, kwa hiyo jinzi ziacheni. Zikilowa hazikauki na zinakunyonya joto usiku kucha. Makoti mazuri ya mitumba yapo soko la Memorial pale Moshi kwa bei ya kawaida. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi, na mzigo wa mpagazi hauzidi kilo 20. Unapimwa kwenye mizani, hatukadirii kwa macho, na spika ya muziki nayo inahesabika. Usiku wa kileleni geuza chupa ya maji kichwa chini, barafu huanzia juu.

Dawa ya asetazolamaidi, inayojulikana kwa jina la Diamox, si bangi wala si udanganyifu. Dozi ya kinga kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitawashawasha na utakojoa sana. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwone daktari kwanza, na daktari huyo asiwe mtu wa kundi la WhatsApp. Tangawizi, kitunguu saumu na limau ni viungo vya chai. Maji mengi yanazuia upungufu wa maji, hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Konyagi "ya kuondoa baridi" na vidonge vya usingizi ni hatari ya kweli: vinapunguza kupumua usiku, wakati ambapo oksijeni yako tayari imeshuka.

Sasa mambo mawili ambayo wageni kutoka Ulaya hawayatilii maanani sana, ila sisi hatuna budi.

La kwanza ni malaria. Ugonjwa wa mwinuko wenyewe kwa kawaida hauleti homa kali. Aliyetoka Dar es Salaam au Morogoro wiki iliyopita, akapandisha homa na kutetemeka Mandara, huenda mbu walishamaliza kazi yao kabla hajaondoka nyumbani. Aseme, apimwe, asipande.

La pili ni selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Fomu zinauliza moyo, pumu, kisukari, presha, na watu wanajaza "hapana" kwa mkono mmoja huku wamebeba kivuta pumzi mfukoni. Selimundu ndiyo wanayoificha zaidi, kwa sababu nchi yetu ina wagonjwa wengi na bado watu wanaionea aibu. Mwenye selimundu asiende juu. Upungufu wa oksijeni unaweza kumletea mshtuko wa maumivu mahali ambapo hospitali iko mbali. Mwenye vinasaba nusu, yaani aliyerithi kwa mzazi mmoja, wengi wao hupanda wakarudi salama, lakini akipata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ajue bandama iko taabani na aanze kushuka. Kama hujui hali yako na katika ukoo wenu yupo mwenye ugonjwa huu, pima damu kabla ya kulipa nauli.

Wajawazito, na wenye mafua au kifua kisichopona, tutaonana mwakani. Watoto wa chini ya miaka 10 hawaendi kileleni, hata mzazi akija na barua.

Kuna mstari mmoja katika fomu ya kuandikishwa ambao naomba usome taratibu, maana unajazwa vibaya kuliko yote: mtu wa kuwasiliana naye wakati wa dharura. Mmoja ataandika jina la rafiki anayepanda naye. Mwingine ataandika namba yake mwenyewe. Tukiipiga, simu inalia ndani ya begi lililofungwa juu ya machela. Andika namba ya ndugu aliyebaki nyumbani, ambaye akipigiwa saa tisa usiku atapokea.