Mgonjwa siye, upasuaji siyo: maswali na majibu

Hospitali kubwa inawezaje kumpasua mtu asiyehusika?

Imeshatokea, tena hapa hapa kwetu. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, wagonjwa wawili waliopishana kwa tatizo walipishanishwa pia kwa upasuaji: aliyekuja kutibiwa goti alipasuliwa kichwa, na mwenye uvimbe kwenye ubongo akapasuliwa goti. Majina yao ya kwanza yalifanana. Yule wa uvimbe alifariki baadaye. Mwaka 2018 likatokea la Nairobi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Aliyetakiwa kupasuliwa alikuwa na damu iliyoganda ndani ya ubongo. Aliyefunguliwa fuvu ni mwingine ambaye hakuhitaji kisu kabisa. Vitambulisho vyao vilikuwa vimechanganywa, na madaktari walitafuta bonge la damu kwa saa kadhaa kabla ya kugundua kwamba halipo.

Watu wakisikia habari hizi huuliza daktari alikuwa amekunywa nini. Mara nyingi hakunywa chochote. Mgonjwa anatoka wodini, anasukumwa na mhudumu, anapokelewa thieta, analazwa usingizi na mtaalamu wa usingizi, kisha anamfikia mpasuaji akiwa amefunikwa shuka. Kila mmoja anaamini aliyemtangulia ameshahakikisha. Na mgonjwa wetu, kwa adabu au kwa dawa aliyokwishachomwa, akiulizwa “Wewe ndiye Juma?” anaitikia ndiyo, hata kama wodi ile ina akina Juma watatu.

Kwa hiyo swali lilipaswa kuwaje?

“Unaitwa nani, majina yote? Umezaliwa lini? Leo unafanyiwa nini, upande gani?” Mgonjwa ataje mwenyewe, asiitikie tu. Majibu yalinganishwe na faili na mkanda wa mkononi. Namba ya kitanda haitambulishi mtu, kwa sababu wagonjwa huhamishwa vitanda usiku. Utaratibu huo huo ufuatwe kabla ya kutundikiwa damu: damu ya kundi lisilo lako inaweza kuua.

Nimesikia kuna orodha ya ukaguzi thieta. Inasaidia kweli?

Inasaidia, na Watanzania tuna haki ya kujivunia kidogo hapa. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa orodha yake ya usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, liliijaribu katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, mkoani Morogoro. Husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka thieta, ambapo pia huhesabiwa vifaa, sindano na pamba zisibaki tumboni. Matokeo yaliyotangazwa 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ila karatasi iliyojazwa alama zote za vema baada ya upasuaji kwisha haijamlinda mtu. Nasema hivyo kwa sababu hujazwa hivyo.

Nikiuliza sana, manesi hawatanichukia?

Baadhi watanuna. Uliza tu, kwa upole: “Sista, samahani, hii sindano ni ya nini?” Ukiwa na mzio wa dawa, useme kila unapokabidhiwa kwa mhudumu mpya. Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, usomewe kwa Kiswahili nini kitafanywa na kina hatari gani. Upasuaji ukiwa wa mguu au jicho, mwombe daktari autie alama upande husika ukiwa macho. Kama ni mama mzee au mtoto, ndugu anayemjua abaki naye hadi mlango wa thieta.

Mgonjwa akidhurika, ni uzembe moja kwa moja?

Hapana. Kidonda kinaweza kuota usaha hata kila kitu kikifanywa sawasawa. Uzembe unahitaji mambo mawili kwa pamoja: mhudumu alifanya chini ya kile mwenzake mwenye ujuzi wa kawaida angefanya, na hicho ndicho kilicholeta madhara. Kumpasua mtu asiyehusika hakuna utetezi wa maana. Kifo baada ya upasuaji mgumu wa dharura ni jambo la kuchunguzwa kwanza.

Nalalamika wapi?

Anza na uongozi wa hospitali, kwa maandishi, ukiomba na ripoti ya matibabu. Tunza risiti, vyeti vya dawa na picha za eksirei. Kwa Tanzania Bara, malalamiko ya daktari huenda Baraza la Madaktari Tanganyika, ya muuguzi Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kenya ni baraza la madaktari, KMPDC. Fidia hudaiwa mahakamani, na Tanzania Bara una miaka mitatu. Ikiwa hospitali ni ya serikali, lazima kwanza uipe Serikali notisi ya siku 90 kwamba utaishtaki. Ukikaa ukisubiri uitwe kwa mazungumzo, siku zinaendelea kuhesabika.