Unapanda au unashuka? Dhana potofu kuhusu adabu za wavuvi wa mshipi mtoni

Mito ya trauti, samaki wa maji baridi, katika nyanda za juu za Kenya ni myembamba, na zamani haikuwa na trauti hata mmoja. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki hao wakapandikizwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua walifuata miaka michache baadaye kutoka Afrika Kusini. Leo trauti wako Mathioya, Chania, Thego, Ragati na vijito vingi vinavyoshuka kutoka Mlima Kenya.

Samaki walizoea upesi. Desturi za kuwavua ndizo zilizotufikia nusunusu: wengi wetu tulifundishwa kurusha mshipi, kufunga nzi wa bandia (chambo kinachoigiza mdudu) na kuchagua fimbo, lakini hakuna aliyetuambia tufanye nini tukimkuta mtu mwingine mtoni. Pengo hilo limejazwa na dhana, na nyingi kati yake si za kweli.

"Kilindi kile hakina mtu, kwa hiyo ni changu"

Ugomvi mwingi mtoni huanzia hapa. Mtu anafika, anamwona mwenzake amesimama kwenye kilindi cha chini, kisha anaona kilindi kinachofuata, labda hatua thelathini juu yake, kiko wazi. Anaingia. Moyoni anajiona mstaarabu kabisa, maana amemwachia mwenzake nafasi.

Ukweli ni kwamba amemnyang'anya asubuhi yake. Trauti hukaa ameelekeza kichwa juu, kule maji yanakotoka, kwa sababu mkondo ndio unaomletea chakula. Anayemvua kwa nzi anayeelea humwendea kutoka nyuma, upande ambao samaki haoni vizuri, na kwa hiyo huvua huku akipanda mto: kilindi kimoja, halafu kingine, halafu kingine. Mvuvi huyo hana kituo, yuko safarini, na kilindi kilicho wazi mbele yake ndicho anachokiendea. Ukitia mguu hapo, samaki watakuwa wamekimbilia chini ya mizizi kabla hajafika, na hawatatoka upesi.

Ndiyo maana siamini kanuni ya mita. Wapo wanaopenda kuuliza wakae umbali gani na mtu, mita 30 au mita 50. Mita 30 nyuma ya anayepanda hazimdhuru, kwa kuwa maji hayo ameshayapita. Mita 100 mbele yake zinaweza kumharibia siku. Nionavyo mimi, maji yaliyo mbele ya mvuvi ni yake mpaka aseme vingine, na yaliyo nyuma yake ni ya yeyote.

Mbele mpaka wapi? Hapo hakuna kitabu cha kukuokoa, na dawa yake ni kuuliza. Msogelee kutoka nyuma, mbali na ukingo, msubiri amalize kurusha, kisha msalimu. "Habari za asubuhi, mzee. Unapanda au unashuka?" Akisema anapanda, muulize anafika wapi. Watu wengi wakiulizwa hivyo huwa wakarimu kuliko ulivyotarajia: "Mimi naishia pale darajani, wewe anzia hapo." Huko New Zealand, ambako maji ya mito ni meupe kama kioo na trauti wa kahawia wana woga mwingi, wavuvi huwekeana mipaka namna hii hii. Aliyetangulia huchagua upande, na anayefuata huenda mbali au huelekea upande mwingine.

Na ikiwa anayepanda amekutana uso kwa uso na anayeshuka? Desturi ya sehemu nyingi humpa njia anayepanda. Anayeshuka ndani ya maji hutibua tope, nalo humtangulia mpaka kwa samaki wa mwenzake. Basi yeye ndiye anayetoka majini, anazunguka kwa nyuma na kurudi mtoni akishampita.

"Basi kanuni ni moja duniani kote"

Sivyo, na mtu aliyelelewa Thego akienda kuvua samoni Scotland au Kanada anaweza kukosana na watu siku ya kwanza kwa kufuata adabu za kwao.

Samoni wa Atlantiki akishaingia mtoni kutoka baharini hali chakula. Hakuna maana ya kusimama mahali pamoja ukimsubiri apate njaa. Kinachotakiwa ni nzi wako apite mbele ya samaki wengi iwezekanavyo. Kwa hiyo kilindi huvuliwa kwa kushuka. Unarusha kwa mshazari, mshipi unavuka mkondo, unapiga hatua moja au mbili kushuka, unarusha tena. Mgeni huingia kwenye kichwa cha kilindi, yaani mwisho wake wa juu, nyuma ya watu wote, na kila mtu husogea kwa mwendo uleule hadi mkia wa kilindi, mwisho wake wa chini, kisha hutoka na kurudi mwisho wa foleni. Margaree, huko Nova Scotia, vilindi vya umma huvuliwa hivi, na mwalimu na daktari wa meno husubiri zamu kwenye gogo moja.

Huko kosa kubwa ni kuganda. Mtu akiona samaki karuka mahali, miguu humwota mizizi, na walio nyuma yake wote wanakwama. Kosa la pili ni kuingia chini ya mtu anayeshuka. Ukiangalia vizuri utaona ni kosa lile lile la mito yetu ya Kenya: kukalia maji ambayo mwenzako anayaendea. Mwelekeo tu ndio uliogeuka.

Kisha kuna Russian River, Alaska, wakati samoni wekundu wanapopanda. Pale watu husimama bega kwa bega, na kudai nafasi ya mita 30 ni kuchekesha watu. Adabu yao ni kurusha kwa mapigo mamoja na majirani ili mishipi isifungane, na kupaza sauti samaki akishika ili wengine wavute mishipi yao. Ukelele ambao kwetu ungekuwa ukosefu wa haya, kule ndio ustaarabu.

"Usiongee, utafukuza samaki"

Dhana hii imewafanya watu wanuniane bure. Utampita mtu mtoni, hakusalimu, anakunyooshea kidole mdomoni.

Sauti ya maneno hupita hewani, na ikigonga uso wa maji karibu yote hurudi juu. Inayopenya ni kama sehemu moja kati ya elfu ya nguvu yake. Salamu ya kawaida haimsumbui trauti. Kinachomsumbua ni vishindo. Mguu ukipigwa chini kwenye ukingo, mtetemo hupita ardhini na kuingia majini, na samaki ana mstari wa neva ubavuni unaohisi mitetemo na misukosuko ya maji. Basi mtu mwenye gumboti anayeshuka kwa kishindo kwenye ukingo wa udongo bila kusema neno amefanya uharibifu kuliko wawili wanaopiga soga wakiwa wamekaa kwenye nyasi.

Cha pili kinachomsumbua ni kivuli na umbo. Kwa sababu nuru hujipinda inapoingia majini, samaki huona ulimwengu wa juu kupitia dirisha la duara lililo juu ya kichwa chake, lenye upana wa nyuzi 97 hivi. Vilivyo chini sana karibu na uso wa maji hubanwa kwenye ukingo wa dirisha hilo na haonekani vizuri aliyeinama. Aliyesimama wima juu ya ukingo mrefu huonekana waziwazi. Kwa hiyo ukimpita mvuvi mwenzako, zunguka mbali na mto, nyuma ya vichaka kama vipo. Katika Aberdare kuna sababu nyingine ya kupiga mluzi au kuongea kidogo unapopita vichakani: nyati hapendi kushtukizwa, na mvuvi mwenzako naye hapendi kudhani kwamba wewe ni nyati.

"Amekaa tu, havui"

Mtu ameketi ukingoni, fimbo iko kwenye nyasi, anakunywa chai kutoka kwenye chupa. Ukadhani kilindi kimeachwa. Mara nyingi anakipumzisha. Pengine alimkosa samaki, au mshipi wake ulianguka vibaya, sasa anasubiri samaki atulie na arudi kula. Hiyo ni sehemu ya kuvua, na inahitaji subira kuliko kurusha. Muulize. Akisema "endelea tu", endelea.

"Nina leseni, napita popote"

Leseni hukuruhusu kuvua samaki. Haikupi shamba la mtu. Ukitaka kuufikia mto kupitia chai au mahindi ya mwenyewe, unabisha hodi nyumbani kwake, na ndani ya hifadhi kama Aberdare au Mlima Kenya kuna kiingilio cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori juu ya leseni yako. Uingereza hali ni kali zaidi: mwenye ardhi ya ukingoni kwa kawaida ndiye mwenye haki ya kuvua, na leseni ya serikali bila ruhusa yake haikufikishi popote. New Zealand wamekwenda njia nyingine, ni marufuku kuuza haki ya kuvua trauti mtoni, lakini kukatiza shamba la mtu bado kunahitaji ruhusa yake.

Hili linahusu adabu kati ya wavuvi kwa sababu lango likiachwa wazi na ng'ombe wakatoka, mwenye shamba hatakumbuka sura yako. Atawafungia wavuvi wote.

"Kutembea ndani ya maji hakumdhuru mtu"

Humdhuru anayekuja baada yako, na mwingine utakayemdhuru atakuja mwaka kesho. Trauti jike huchimba kiota kwenye changarawe, hutaga, kisha hufunika mayai. Kiota kipya hujulikana kwa doa la mawe yaliyong'aa kuliko yale yanayokizunguka. Utafiti wa Montana, Marekani, uliochapishwa mwaka 1992, uliona kwamba kukanyaga viota mara mbili kwa siku kwa kipindi chote mayai yanapokua kuliua hadi asilimia 96 ya mayai na vifaranga. Kukanyaga mara moja tu, mayai yakiwa karibu kuanguliwa, kuliua hadi asilimia 43.

Sisemi usiingie majini. Mara nyingine miti haikuachii nafasi ya kurusha ukiwa ukingoni. Ila wapo wanaoingia kwa sababu wamenunua suruali za maji na wanataka zilowe, na hao ndio utawakuta wamesimama mahali hasa ambapo samaki walikuwa.

Na viatu vyenyewe vikaushe kabla ya kuhamia mto mwingine. New Zealand walipiga marufuku soli za sufu iliyoshindiliwa mwaka 2008, miaka minne baada ya kugundua mwani wa didymo katika mto Waiau, kwa kuwa soli hizo hukaa na unyevu muda mrefu na kubeba vijimea kutoka mto hadi mto.

"Samaki akinishika, mto wote ni wangu"

Nusu ya hili ni kweli. Jirani yako anapaswa kuvuta mshipi wake na kukupisha, na akikusaidia kwa wavu wa mkono ni wema, ingawa asiutie majini kabla hujamwomba. Lakini na wewe usimburuze samaki mdogo kupitia vilindi vya watu watatu ili upigwe picha. Mlete upesi, ondoka majini, waachie wengine.

Picha nayo ina mambo yake. Kuionyesha pamoja na jina la kilindi ambacho mzee fulani alikuonyesha kwa siri ni kumlipa vibaya. Taja mto ukitaka, kilindi kiache.

"Adabu hizi ni za wavuvi wa fimbo ghali"

Utamkuta kijana ana ufito, mshipi wa nailoni na nyungunyungu kwenye kopo. Wapo wanaompita kana kwamba ni jiwe na kuingia kilindi chake. Kama anachofanya hakiruhusiwi kwenye maji hayo, kuna maofisa wa uvuvi wenye kazi hiyo. Wewe humzidi haki ya kusalimiwa, na maji yaliyo mbele yake ni yake kama yalivyo ya mwenye fimbo ya kaboni. Isitoshe, ndiye anayejua samaki mkubwa analala wapi.

Wanaokuja kuchota maji, kufua au kunywesha mifugo hawavui, lakini mto walikuwa nao kabla ya Grogan. Ng'ombe wakiingia kilindi unachokivua hakuna wa kulaumiwa. Kunja mshipi, wasalimu, na uulize mto ukoje huko juu.

Ikiwa baada ya yote haya mtu ameingia mbele yako bila hata kukutazama, mwambie mara moja, kwa upole, kwamba ulikuwa unapanda. Wengi hawakujua, nao hutoka. Akikataa, usibishane ukiwa majini. Toka, zunguka, anzia vilindi vinne au vitano juu yake. Kwa mto mwembamba kama Ragati huo ni mwendo wa robo saa, na samaki wa huko juu hawajamwona.