Ghala limejaa, damu imepungua: dhana na ukweli kuhusu afya ya wanawake Nyanda za Juu Kusini

Dhana: Penye mahindi ya kutosha hapana utapiamlo.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa Iringa ni takriban 57 katika kila 100. Wastani wa taifa ni 30. Gunia likiuzwa, mara nyingi fedha hushikwa na mume. Mke, aliyeshinda shambani au kwenye kuchuma chai, hubaki na ugali na mboga moja. Udumavu huanzia hapo, mtoto akiwa bado tumboni. Binti aliyedumaa hukua mfupi, nyonga yake inaweza kuwa nyembamba, na siku ya kujifungua mtoto akakwama. Udumavu huu si suala la uvivu wa kupika.

Dhana: Vidonge vya damu hukuza mtoto hadi ashindwe kutoka.

Hapana. Kidonge cha kliniki kina miligramu 60 za madini chuma na 0.4 za asidi ya foliki, kimoja kwa siku. Choo kikiwa cheusi usishtuke. Kidonge kikileta kichefuchefu, kimeze usiku baada ya kula. Kinachokipunguzia nguvu ni chai, na huku Mufindi na Rungwe nani hanywi chai? Usiinywe saa moja au mbili kabla na baada ya kidonge, wala kabla na baada ya mlo wa maharage. Kwenye mboga kamulia limau. Husaidia mwili kufyonza chuma.

Dhana: Mkaa hauna moshi, kwa hiyo ni salama kulala nao.

Baridi ya Makete inaeleweka. Lakini mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Jiko litoke nje kabla ya kulala.

Dhana: Kama hakuumi, shingo ya kizazi ni nzima.

Saratani ya shingo ya kizazi hujijenga kwa miaka mingi kimyakimya, na VVU huiharakisha. Njombe na Iringa ndizo zenye maambukizi makubwa ya VVU nchini. Katika kupima, muuguzi huipaka shingo ya kizazi siki maalumu, husubiri dakika moja, hutazama kama pamegeuka peupe. Mwenye miaka 30 hadi 50 apime kila baada ya miaka mitatu, anayeishi na VVU kila mwaka. Kipimo ni bure, nauli siyo. Kwa hiyo omba upimwe siku ileile unayompeleka mtoto kliniki au unapofuata dawa, na binti wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya kukinga saratani hii, dozi moja tu.