Amri ya kurudiana: mke aliyeshinda kesi, akashindwa rufaa

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa za Kihindu ya India, ya mwaka 1955, kinamruhusu mume au mke aliyeachwa bila sababu ya msingi kuiomba mahakama imwamuru mwenzake warudiane. Wengi hudhani kazi ya amri hiyo ni kuokoa ndoa. Rufaa iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya India Agosti 1984 ilionyesha inavyoweza kuivunja.

Wanandoa hao walioana Jalandhar, Punjab, mwaka 1975, wakazaa mabinti wawili. Mwaka 1977 mke alisema ametimuliwa, akafungua shauri la kurejeshewa unyumba. Mume alikubali amri itolewe, ikatolewa Machi 1978. Mwaka ukapita, naye mume akarudi mahakamani, safari hii kudai talaka. Kifungu cha 13(1A) kinamruhusu: wasiporudiana kwa mwaka mmoja tangu amri itolewe, yeyote kati yao, hata aliyeshindwa, anaweza kuomba talaka. Amri aliyoipigania mke ikawa silaha ya mume.

Jaji wa wilaya alimkatalia mume. Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana ikampa talaka, na mke akakata rufaa. Alidai mumewe aliikubali ile amri kwa hila, na sheria hairuhusu mtu kunufaika na kosa lake mwenyewe. Kwa maoni yangu hoja hiyo ilistahili kusikilizwa kwa kina. Lakini haikuwamo katika majibu yake ya awali, wala haikuletewa ushahidi, na mahakama ya rufaa haipokei kirahisi jambo lililonyamaziwa chini. Rufaa ikatupwa, ingawa mume aliamriwa kutoa matunzo. Kwa hiyo anayepelekewa madai ya talaka ya namna hii aeleze kila kitu tangu siku ya kwanza: nani alimfukuza nani, nani alijaribu kurudi, nani aliyafunga mazungumzo.

Hukumu hiyohiyo ilikilinda kifungu cha 9 chenyewe. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Andhra Pradesh ilikuwa imekibatilisha, ikisema kinaingilia faragha na utu wa mwanamke. Mahakama ya Juu haikukubali. Ilieleza kwamba asiyetii kwa makusudi anaweza kukamatiwa mali, basi. Hakuna askari wa kumburuta mtu hadi chumbani.

Uingereza, ambako dawa hii ya kisheria ilitoka, iliifuta mwaka 1970. Tanzania nayo, katika Sheria ya Ndoa ya 1971, hairuhusu shauri la kumlazimisha mwanandoa kuishi na mwenzake. Aliyetelekezwa anaweza kupeleka suala lake kwenye bodi ya usuluhishi.

India kifungu bado kipo. Hata hivyo, Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mke aliyeamriwa kurudi asirudi hapotezi matunzo kwa sababu hiyo pekee. Mahakama itazame kwanza kwa nini hakurudi.