Kabla ya kuuliza kozi gani, niletee kalenda ya nyumba yako

Watu wazima wanaokuja kwangu hapa Kampala kutaka kurudi chuo huanza na swali lile lile: "Mwalimu, kozi gani inalipa?" Wengine huuliza kwa sauti ya chini kama kichwa bado kitashika baada ya miaka mingi bila kushika kalamu. Mimi huwajibu kwa maswali yanayowaudhi kidogo. Nani anafunga duka saa kumi na mbili? Zamu yako hupangwa kwa wiki au kwa mwezi? Watoto wako bweni au wanarudi nyumbani, na karo yao inadaiwa lini?

Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa aina hiyo, na kwa wengi wao Kiswahili ndicho tunachoelewana nacho: askari polisi wa kambi za Naguru na Nsambya, mawakala wa forodha wa mpakani Busia na Malaba, wafanyabiashara wa Kikuubo, ule mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, Wakongo waliokuwa walimu kwao kabla ya vita kuwafukuza. Niliyoyaona kwao yamenifundisha kwamba kichwa hushindwa mara chache sana. Kinachomwangusha mtu mzima ni kalenda.

Tuupitie mlango wa kuingilia haraka, maana hapa woga ni mkubwa kuliko ugumu wenyewe. Njia inayojulikana na wote ni cheti cha kidato cha nne, UCE, halafu cha sita, UACE, chenye prinsipo mbili, yaani kufaulu masomo makuu mawili. Aliyekatisha masomo mapema hudhani bila hivyo basi. Sivyo. Upo mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa watu wa miaka 25 na zaidi. Makerere huutoa kwa karatasi mbili, moja ya kupima uwezo wa jumla na nyingine ya fani unayoiomba. Karatasi ya kwanza ndiyo inayowatisha watu, lakini mwenye duka anayepiga hesabu za faida kichwani na kusoma gazeti kila siku ana mtaji mzuri kuliko anavyodhani. Njia nyingine ni diploma, na nyingine ni Cheti cha Elimu ya Juu, kile cha mwaka mmoja wanachokiita HEC. Hicho cha mwisho hupitiwa sana na waliosoma Kenya, kwa kuwa mfumo wa 8-4-4 haukuwa na kidato cha tano na sita. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na baraza la mitihani, UNEB. Vya chuo hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Ukienda ofisi isiyo yako utapoteza siku ya kazi bure.

Kuna jambo dogo linalowakwamisha wanawake hasa. Jina. Cheti cha shule kina jina la baba, kitambulisho cha taifa kina la mume, na katikati kuna jina la ubatizo lililoandikwa kwa herufi tofauti. Chuo hakitakuhurumia. Nenda kwa wakili ukatengenezewe hati ya kiapo au ya kubadili jina kabla ya kuomba nafasi. Ukisubiri mpaka siku ya kujisajili, utakuta foleni inakusukuma huku umeomba ruhusa kazini ya saa mbili tu.

Na kabla hujalipa hata shilingi, hakiki kwa NCHE kwamba programu unayoitaka ina ithibati iliyo hai. Nasema programu, kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali kabisa huku kozi moja muda wake umekwisha. Mwaka 2023 kulizuka kelele kubwa nchini kuhusu programu zilizopitwa na muda, hata katika vyuo vinavyoheshimika, na watu wazima ndio waliolala macho, maana mwajiri wa serikali huvichungulia vyeti mpaka nyuma.

Sasa tuje kwenye ratiba, ambako ndiko ninakokaa na mtu kwa muda mrefu.

Masomo ya wafanyakazi si jambo la jana hapa. Makerere ilianza digrii za masafa mwaka 1991, za biashara na ualimu, na ilipowafungulia mlango wanaojilipia mwanzoni mwa miaka ya 1990, madarasa ya jioni yakajaa watu waliotoka ofisini na tai zao. Taasisi ya Menejimenti ya Uganda, UMI, imekuwa ikiwafundisha watumishi wa umma tangu 1969. Leo kuna jioni, kuna wikendi, kuna masafa, na kuna yale ya likizo kwa walimu. Watu huchagua kati ya hizi kwa kutazama bei au sifa ya chuo. Mimi huwaambia watazame aina ya kazi yao.

Mwenye kazi ya ofisini iliyo karibu na chuo, akitoka saa kumi na moja, jioni itamfaa. Lakini ahesabu barabara pia, si vipindi tu. Anayefanya kazi Ntinda, humu humu jijini, na kusoma Wandegeya, karibu na Makerere, si sawa na anayetoka mbali kule Entebbe. Kwa huyo wa pili, foleni ya magari ndiyo somo la kwanza la kila siku, na atakuwa amelilipia. Kipindi kikiisha saa tatu au nne usiku bado kuna teksi ya kurudi, na ukikosa teksi ni boda. Mwanamke anayekaa nje ya jiji, Matugga au Seeta, afanye hesabu ya usalama na ya nauli ya usiku kabla ya kusaini popote.

Askari, muuguzi na mlinzi nawakataza jioni moja kwa moja. Zamu haina adabu. Askari mmoja wa kike aliniambia, "Mwalimu, OC wangu, mkuu wa kituo, ameniahidi atanipa asubuhi tu." Nikamuuliza, "Afande, na OC akihamishwa?" Alicheka, akanyamaza, kisha akaanza kuuliza habari za masafa. Ahadi ya bosi ni ya mtu, si ya ofisi, na katika jeshi la polisi mtu huhamishwa kwa karatasi moja. Kwa hawa, masafa yenye vipindi vichache vya kukutana ana kwa ana ndiyo yanayodumu, ingawa yanadai nidhamu ya kusoma peke yako ambayo wengi hawajawahi kuijaribu.

Wikendi huwafaa wafanyakazi wa kampuni. Wafanyabiashara haiwafai, na hili huwashangaza. Jumamosi ndiyo siku ya Kikuubo. Anayeacha duka siku hiyo kwa miaka mitatu ameongeza karo yake kwa hasara asiyoiandika popote.

Walimu nao wana shida yao ya pekee. Tangu Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 ilipotangaza kwamba kila mwalimu anatakiwa kuwa na digrii, walimu wa msingi wa Gredi ya Tatu, wenye cheti tu, wamekuwa wakijazana kwenye kozi za likizo. Kwenye karatasi mpango ni mzuri: shule zimefungwa, mwalimu yuko huru. Lakini shule zikifungwa, watoto wake nao wako nyumbani! Mwalimu wa Tororo anayekwenda kulala Chuo Kikuu cha Kyambogo, hapa Kampala, kwa wiki kadhaa anawaacha watoto wakati ule ule ambao hakuna shule ya kuwashikilia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwalimu ni bibi yuko wapi, na kama bibi amekubali kwa mdomo wake mwenyewe au amekubaliwa na wengine.

Kuhusu mtandao nitasema machache. Shule zilifungwa Machi 2020 na masomo hayakurejea kikamilifu mpaka Januari 2022, na katika kipindi hicho vyuo vilisukumwa kufundisha kwa simu na kompyuta. Mengi ya hayo yamebaki, na kwa mtu mzima ni nafuu kubwa. Lakini data si bure, na Julai 2021 iliwekewa ushuru wa asilimia 12. Pakua mihadhara ofisini au chuoni, uitazame nyumbani. Na usijidanganye kwamba utasoma kwenye simu ile ile inayopigwa na wateja.

Pesa ndiyo sehemu inayoumiza zaidi, na nashangaa kwa nini haisemwi wazi siku ya kupokea wanafunzi. Mwaka wa chuo huanza Agosti, muhula wa pili Januari au Februari. Mihula ya shule za watoto huanza karibu Februari, mwishoni mwa Mei, na Septemba. Ziweke kalenda hizo mbili juu ya meza moja, utaona balaa: Agosti na Septemba zinakudai wewe na watoto kwa pamoja, halafu Januari na Februari tena, mara tu baada ya Krismasi ambayo umeila kijijini na ukoo mzima. Mei peke yake ndiyo inayowadai watoto bila kukudai wewe, na Mei ndiyo unapokuwa kwenye mitihani.

Kwa hiyo mtu anayelipwa mshahara wa kila mwezi, akigawa karo yake kwa kumi na mbili na kujiambia anaiweza, hesabu yake ni sahihi na bado atakwama Septemba. Nimewaona wengi wakisimamisha mwaka kwa ajili ya mwezi mmoja huo. Ninachowashauri ni kuihamisha zamu yao ya kupokea kwenye nigiina, ule mchezo wa kupeana kwa zamu, au mgao wa kikundi cha akiba ili uangukie Agosti, jambo ambalo wanakikundi hukubali ukiliomba mapema, mwanzoni mwa mzunguko. Mwenye SACCO aombe mkopo mdogo wa karo Julai kabla foleni ya wazazi haijaanza. Na ulize chuo mapema kinataka sehemu gani ya karo ndipo kikupe kibali cha mtihani. Vyuo havifanani hapo. Chukua namba ya malipo, ile PRN, mwanzoni mwa muhula na uwe unalipa kidogo kidogo kila mshahara unapoingia, kama chuo kinaruhusu. Pesa iliyokwisha kwenda haiwezi kuombwa na shemeji.

Nimemtaja shemeji makusudi. Msemo wa mshika mbili moja humponyoka hupigiwa sana wanafunzi wangu, na hupigiwa wanawake kuliko wanaume. Mwanamume akirudi saa nne usiku na vitabu, nyumba inamsifu na chakula kinafunikwa. Mwanamke akirudi saa ile ile, anakuta sufuria zinamngoja na swali la alikuwa wapi. Sina ushauri wa kufuta hilo kwa muhula mmoja. Ninachokijua ni kwamba makubaliano ya jumla, yale ya "mke wangu, mimi nakuunga mkono", hayavuki wiki ya mitihani. Yanayovuka ni yale yaliyotaja siku na mtu: Jumanne na Alhamisi mtoto mkubwa anapika, baba anakagua kazi za shule za wadogo, dada wa kazi anaongezwa kiasi fulani kwa kulala. Wanaume wengine hukasirika ninapowaita nao waje. Wanaokuja, wake zao humaliza. Sijafanya utafiti, nasema ninachokiona mlangoni kwangu.

Kazini usitegemee huruma. Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi, yaani siku ishirini na moja kwa mwaka. Watu huzimaliza kwenye mazishi na harusi, kisha mitihani ikifika wanaanza kuugua uongo. Ratiba ya mitihani ikitoka, peleka ombi la likizo kwa maandishi siku hiyo hiyo. Mtumishi wa umma aulize mapema kwa afisa utumishi utaratibu wa likizo ya masomo, kwa sababu anayejiandikisha kwanza na kuomba baadaye hutazamwa kama mtoro.

Wanafunzi wazima hunitajia kila mara kumbukumbu mbovu, lakini mtihani huwa wanaupita. Alama wanazozipoteza ni za kazi za darasani, kwa kuzichelewesha au kwa kukosa jaribio la ghafla siku ya zamu. Halafu kuna alama zisizoonekana kwenye mfumo, ugonjwa wa zamani wa vyuo vyetu. Kijana anayekaa hosteli anaweza kumfuata mhadhiri kila siku mpaka alama zipatikane. Wewe huwezi. Weka nakala ya kila kazi uliyoiwasilisha na picha ya sahihi yako kwenye orodha ya mahudhurio ya mtihani kama inaruhusiwa, na umfanye mwakilishi wa darasa, hata kama ni mtoto wa miaka ishirini na moja, kuwa rafiki yako wa kweli. Mnunulie rolex, chapati yetu ya mayai, siku moja moja.

Sehemu wanayokwama kimya kimya ni utafiti wa mwaka wa mwisho. Masomo yote yamekwisha, hakuna darasa la kwenda, hakuna wenzako wa kukusukuma, na kazi inarudi kumeza zile jioni ulizokuwa umeziiba. Miaka miwili inapita na jina lako halimo kwenye orodha ya mahafali. Dawa yake ni kuchagua mada ndani ya kazi yako mwenyewe. Wakala wa forodha aandike juu ya ucheleweshaji wa malori Malaba, muuguzi juu ya wodi yake, mwenye duka juu ya mikopo ya wateja. Takwimu ziko mbele yako kila siku na huhitaji nauli ya kuzifuata. Unachohitaji ni barua ya ruhusa ya kuzitumia, na hiyo iombe mwaka wa pili, wakati bosi anayekufahamu bado yuko kwenye kiti.